Mwacheni Bata Aseme Mwenyewe

Ukimwambia mzazi wa hapa Kampala kwamba Jumamosi mwanawe atakaa chini asikilize muziki wa okestra, jibu la kwanza ni, "Watoto hawa? Hawatakaa." La pili huja polepole: muziki huo ni wa kanisani, au wa misiba. Mzee mmoja jirani yetu aliniongezea la tatu. Kwa watu wa rika lake, alisema, bendi ikianza kupigwa redioni alfajiri bila mtangazaji kutia neno, mtu alijua serikali imepinduliwa. Alikuwa kijana mwezi Januari 1971, Amin alipochukua nchi, na mpaka leo tarumbeta zikilia ghafla hushtuka.

Naanza na haya kwa sababu anayetaka kuwapeleka watoto kwenye muziki huu hapa Uganda asidhani kwamba anaanzia patupu. Kila aliyeingia ukumbini alikuwa na alichokwisha kusikia, na kila sauti ilikuwa na mahali pa kutua ndani yake. Hata mtoto wa miaka mitano.

Mimi kazi yangu ni kusimulia hadithi. Nilikulia Nsambya, kwenye nyumba za polisi, ambako wazazi walitoka kila pembe ya nchi na sisi watoto tulielewana kwa Kiswahili uwanjani. Leo mitaa ileile, pamoja na Katwe na Makindye, ina familia nyingi kutoka Kongo mashariki. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja. Wengi wako kwenye makazi kama Nakivale na Kyangwali, lakini wapo walioamua kujitafutia riziki mjini. Watoto wao hujifunza Luganda sokoni na Kiingereza darasani, ila nyumbani hugombezwa na kubembelezwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo marafiki zangu wanamuziki waliponijia na wazo la kuwapigia watoto kazi ya Prokofiev, mtunzi wa Urusi, iitwayo "Petro na Mbwa Mwitu", nilikubali kwa sharti moja: isimuliwe kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho. Mtoto anayehangaika kufasiri kichwani hana nafasi ya kusikiliza filimbi.

Kazi hiyo Sergei Prokofiev aliitunga mwaka 1936, kwa ombi la Natalia Sats, aliyekuwa akiongoza jumba la maigizo la watoto mjini Moscow. Sats alitaka kitu cha kuwajulisha watoto ala za okestra bila kuwapa somo. Kuna msimulizi na kuna okestra, na kila mhusika ana ala yake na tuni yake. Ndege ni filimbi. Bata ni obo. Paka ni klarineti kwenye sauti zake za chini. Babu ni basuni. Mbwa mwitu ni pembe tatu za shaba zinazolia pamoja. Petro mwenyewe ni nyuzi zote: fidla, viola, chelo na besi. Risasi za wawindaji ni timpani na ngoma kubwa. Yote kwa jumla ni kama dakika 25.

Kuna jambo moja katika utunzi huo lililoongoza kila nilichofanya. Hadithi iliandikwa kwanza na mshairi, kwa vina, na Prokofiev akaikataa. Akakaa akaandika yake, ya sentensi fupi za kawaida kabisa. Mimi nimelelewa na watu wa mashairi na vina navipenda, lakini nilipoanza kusoma maneno kwa sauti huku muziki ukipigwa, niliona alichokiona. Vina humfanya mtoto asubiri neno linalofuata. Hapa tulitaka asubiri sauti inayofuata.

Mtambaji wa kwetu amezoea kuwa kila kitu. Yeye ndiye fisi, yeye sungura, yeye mvua, yeye mlango unaolia ukifunguliwa. Bibi zetu walifanya hivyo na walifanya vizuri. Katika kazi hii sehemu kubwa ya uigizaji wamepewa wengine, kwa hiyo mazoezi yetu ya mwanzo yalikuwa ya kupunguza maneno. Nilikuja na andiko langu, tukalipitia sentensi kwa sentensi, kila mpiga ala akiwa mlinzi wa mhusika wake. Tulipofika kwa paka, palikuwa na sentensi nzuri kuhusu paka anayenyata kwenye majani, tumbo likigusa ardhi, macho yakiwaka. Mpiga klarineti akasikiliza, akaitazama ala yake, akasema kwa upole, "Dada, ukishasema ananyata, mimi nimebaki na nini?" Ikabaki: "Paka akaja." Nukta. Kisha klarineti inaanza pale chini, kila noti fupi, imekatwa, na kunyata kote kumo humo. Siku ya onyesho watoto waliinamisha vichwa wenyewe bila kuambiwa na mtu.

Tangu hapo kila sentensi tuliiuliza swali moja: je, ala inaweza kusema hili? Kama inaweza, sentensi inatoka. Yalibaki mambo ambayo muziki peke yake hauwezi kumweleza mtoto: kwamba lango lilikuwa wazi, kwamba babu amekataza, kwamba kamba ilishuka polepole mpaka kwenye mkia. Mengine yote tuliwaachia wapigaji.

Ala zenyewe zilitusumbua, na nadhani kila mwenye ndoto kama hii Afrika Mashariki atakutana na hali hiyohiyo. Fidla na chelo hazikuwa tatizo. Vijana wanaozipiga wapo, na Kampala Music School, iliyoanzishwa mwaka 2001, imefundisha wengi. Filimbi na klarineti zilipatikana. Shaba pia ipo tele, kwa sababu Kampala ina bendi nyingi za vijana, nyingine zimewalea watoto waliotoka mitaani, kama M-Lisada ya tangu 1996. Zinazokosekana ni obo na basuni. Ni ala za bei kubwa, na zinapulizwa kwa vipande viwili vyembamba vya tete ambavyo huchoka haraka na lazima viagizwe kutoka nje. Obo moja tuliipata kwa bahati, pamoja na mpigaji aliyekuwa tayari kuja mazoezini Nsambya jioni kwenye foleni ya magari. Basuni haikupatikana. Sehemu ya babu tukampa mpiga yufoniamu, ala ya shaba yenye sauti nzito, wa bendi ya tarumbeta, mtu wa makamo mwenye pumzi ndefu, na nasema bila wasiwasi kwamba babu alitoka babu kweli: mzito, mwenye kunung'unika, anayeburuta miguu. Pembe tulikuwa na moja tu, tukaisaidia kwa tromboni mbili. Anayeijua kazi hii kwa undani angesikia tofauti. Watoto walisikia mbwa mwitu.

Prokofiev mwenyewe aliagiza kwamba kabla ya kuanza, watoto waonyeshwe ala na wasikilizishwe tuni ya kila mhusika. Hapo tulikaa kwa muda mrefu, na kama ningeshauri kitu kimoja tu kwa mwenzangu, ningemwambia asiharakishe hapo. Watoto walikaa kwenye mikeka, wadogo mbele, na hapakuwa na jukwaa. Wapigaji walikaa viti vya kawaida, usawa ule ambao mtoto akinyoosha shingo anaona vidole. Spika na maikrofoni nilizikataa. Sauti ikitoka kwenye sanduku ukutani, mtoto hulitazama sanduku. Ikitoka kwa mtu aliyevimbisha mashavu, humtazama mtu. Kwa watoto wapatao mia moja ndani ya ukumbi wa kanisa, koo langu linatosha.

Nilianza kwa kuwauliza nani ni wa ukoo gani. Watoto wa Kiganda walijibu mara moja: Mmamba, Ngo, Nkima. Nikauliza nani anajua mubala wa ukoo wake, ule mdundo wa ngoma ambao ukipigwa watu hujua ukoo gani umefika. Wachache waliujua, na kijana mmoja aliyekuja na mdogo wake akaupiga kwenye ngoma yetu, mzee mmoja nyuma akamwitikia kwa maneno yake. Nikasema, basi na leo ni hivyohivyo. Kila atakayekuja ana mdundo wake. Sitawatajia kila mara nani amekuja. Mtamjua kwa mlio wake.

Sikuhitaji maelezo mengine. Sikusema neno "okestra", wala "klasiki", wala "Urusi" mpaka tulipomaliza. Filimbi ikapigwa, nikauliza, "Huyu ni nani?" Msichana mmoja wa miaka kama sita akasema, "Huyo hana uzito." Mwingine akasema, "Yuko juu." Ndege. Obo ilipolia walicheka wote kwa pamoja, maana ina ile sauti ya puani, inayojitingisha, na bata walimtambua kabla sijamaliza kuuliza. Mama mmoja aliyezaliwa Mombasa akasema kwa sauti, "Hiyo ni zumari!" Alikuwa karibu sana na ukweli. Zumari ya Pwani nayo hupulizwa kwa tete mbili, na ukizisikia zote mbili siku moja utajua ni za ukoo mmoja. Mpiga obo alifurahi, akageuka akampigia yule mama tuni ya bata mara ya pili, yake peke yake.

Sasa nije kwenye jambo lililotuchukua muda mwingi kulifikiria kuliko mengine yote, nalo ni risasi.

Mwishoni mwa hadithi wawindaji wanatoka msituni wakifyatua bunduki, na timpani na ngoma kubwa hulipuka kwa nguvu. Mahali pengine mtoto huruka kidogo, akacheka. Lakini nusu ya watoto waliokuwa kwenye mikeka yetu walitoka Kongo mashariki, na wengine walitoka usiku, wakikimbia mlio huohuo. Mwanamuziki mmoja alipendekeza tuzipige polepole. Mwingine alisema tuziondoe kabisa. Mama mmoja wa Kikongo, ambaye watoto wake wanne wangekuja, ndiye niliyemwendea kumuuliza, kwa sababu niliona si haki sisi tuamue bila wao. Alifikiri, kisha akasema, "Usiwafiche. Ila waambie kabla. Kinachowaumiza watoto wangu ni kile kinachokuja bila habari."

Tulifuata shauri lake kwa ukamilifu. Pembe na tromboni za mbwa mwitu, ambazo mwanzoni tulitaka ziingie kutokea mlango wa nyuma ili kutia msisimko, tulizikalisha mbele, waonekane tangu dakika ya kwanza. Ngoma kubwa tuliiweka karibu kabisa na mkeka. Wakati wa kutambulisha ala nilisema wazi: hawa ni wawindaji, na mwishoni watafyatua, na mlio utakuwa mkubwa, na mlio ni hii ngoma hapa, na anayepiga ni huyu kaka hapa. Kisha tukawaita waje wapige wenyewe. Walikuja kwa foleni.

Kulikuwa na mvulana aliyesimama mbali, viganja vimeziba masikio, akiangalia wenzake wakipiga. Mpiga ngoma hakumwita kwa sauti. Aliigusa ngozi kwa ncha za vidole tu, ikatoa mngurumo mdogo, akamwonyesha kiganja chake kilivyokuwa kikitetemeka. Mvulana akasogea. Akaweka kiganja kimoja juu ya ngozi, kingine bado kiko sikioni. Kaka akapiga upande wa pili, polepole. Nilimwona mtoto akitazama mkono wake kana kwamba umeambiwa siri. Akatoa kiganja sikioni, akaweka mikono yote miwili. Wakabaki hapo, wakipiga na kushika, mpaka foleni ikaanza kulalamika.

Ndipo nikaita, "Paukwa!" Watoto wa Kongo hawakuwa na mazoea ya mwito huo, tuliwafundisha hapohapo, na "Pakawa!" yao ilikuwa kubwa kuliko ya wote. Sheria tuliyowapa ilikuwa nyepesi. Mimi nikisema, mnaweza kunijibu, kunikatiza, hata kunibishia. Ala ikisema, tunasikiliza. Wengi huogopa kwamba watoto wakiruhusiwa kusema, ukumbi utageuka soko. Kwangu ilikuwa kinyume. Walipojua kuwa zamu yao ipo, zamu ya filimbi waliiheshimu.

Petro akafungua lango, akatoka kwenda kwenye majani. Nyuzi ziliingia, na nikaona mabega ya watoto yakianza kwenda nazo. Bata akatoka naye, kwa kuwa lango liliachwa wazi, akaingia kidimbwini. Ndipo yakaja malumbano. Ndege anamwuliza bata, wewe ni ndege gani usiyejua kuruka? Bata anamjibu, na wewe ni ndege gani usiyejua kuogelea? Hapo niliwaachia filimbi na obo wagombane, na watoto wakagawanyika. Upande wa kulia wakawa wa bata, wa kushoto wa ndege, na kila ala ilipojibu, upande wake ulishangilia. Hakuna aliyewapanga. Muziki una mjadala, nao walisikia kwamba ni mjadala. Nimewahi kukaa na watu wazima waliosoma, wakasikiliza ala mbili zikijibizana kwa nusu saa bila kujua kwamba zinajibizana.

Babu akaja na yufoniamu yake, akamrudisha Petro nyumbani, akafunga lango. Wadogo walinuna. Mmoja akaniambia, "Ticha, babu ana haki." Nikamwambia tusubiri tuone.

Katikati hapo mvua ilipiga kwenye mabati, ile mvua ya Kampala isiyobisha hodi, na filimbi ikazama kabisa. Tulisimama. Mpiga besi akawafundisha watoto kuvuta uzi mnene kwa kidole mpaka mvua ilipopungua, tukaendelea.

Mbwa mwitu. Nilisema, "Mara tu Petro alipoondoka, kutoka msituni…" na sikumalizia. Pembe na tromboni zikaanza kwa chini, polepole, sauti tatu zimebanana. Watoto wa mbele walirudi nyuma kwenye mikeka kwa makalio, wote pamoja, kama hatua moja hivi. Lakini walikuwa wakitabasamu, macho kwenye zile ala, kwa sababu walishawaona wapigaji na walishawajua. Niliitazama familia ya yule mama. Binti yake mdogo alikuwa amemshika mkubwa shati, na mkubwa alikuwa akimnong'oneza, "Ni yule mjomba mwenye kofia."

Paka akapanda mtini. Bata, kwa wasiwasi wake, akaruka akatoka majini. Kutoka hapo hadi anapomezwa, nilikuwa na sentensi chache sana, na obo ilikimbia, ikakimbia, pembe zikiwa nyuma yake, zikikaribia. Kisha ikanyamaza. Mimi nikasema, "Akammeza." Sikuongeza. Hakuna kitu kigumu kwa msimulizi kama kukaa kimya mbele ya watoto mia moja wanaomtazama usoni wakitaka faraja. Obo ikapiga tuni ya bata mara moja, polepole, kwa huzuni, na faraja yao ikawa hiyo. Kama ningesema, "Msilie, watoto," ningewanyang'anya kitu kilicho chao. Walikuwa na haki ya kumsikitikia bata kwa dakika moja.

Petro akachukua kamba, ndege akamzungukazunguka mbwa mwitu kichwani, kamba ikashuka, mkia ukanaswa. Wawindaji wakaja. Kabla ya ngoma, niliinua mkono juu kama tulivyokubaliana, ili wote wajue. Ngoma ikalipuka. Wengine waliziba masikio, wengine walipiga hewani pamoja na kaka. Yule mvulana alikuwa amekaa karibu kabisa na ngoma, na alikuwa amenyoosha kiganja kimoja kuelekea kwenye ngozi, bila kuigusa.

Halafu Petro anawaambia wawindaji wasipige, mbwa mwitu ameshakamatwa na mtoto na ndege. Wasaidie tu kumpeleka bustani ya wanyama. Na watu wazima wenye bunduki wanamsikiliza. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi mazoezini na sikuifikiria sana. Pale ukumbini, mbele ya watoto wale, nilisikia uzito wake, nikaisema polepole kuliko nilivyozoea. Mtoto mmoja akauliza, "Walimpeleka Entebbe?" Nikasema, "Pengine," na wengi wakatikisa kichwa kwamba hilo linaeleweka, maana bustani wanayoijua ni hiyo.

Msafara ukaanza, kila mhusika kwa tuni yake, na babu nyuma akiendelea kunung'unika. Mwishoni kabisa kuna sentensi ya msimulizi, kwamba ukisikiliza vizuri utamsikia bata akilia tumboni mwa mbwa mwitu, kwa kuwa alimezwa mzima. Niliifuta. Tulikubaliana tuone kama watamsikia wenyewe. Obo ikaingia, kwa mbali. Sekunde chache hakuna kitu. Kisha yule msichana aliyesema ndege hana uzito akasimama mkekani akapiga kelele, "Bata yuko! Bata hajafa, yuko ndani!" Ukumbi mzima ukalipuka. Watoto walikuwa wanaelezana, wanashikana mikono, "Umemsikia? Umemsikia?" na wapigaji walilazimika kurudia mwisho ili wote wamsikie.

Mwalimu mmoja aliyekuja na darasa lake alitaka nifunge kwa maswali: ala gani ni ya nani, mtunzi ni nani, alizaliwa wapi. Nilimwomba tusifanye hivyo, naye kwa uungwana akakubali. Ninaamini kwa dhati kwamba jaribio linalotolewa dakika tano baada ya furaha humfundisha mtoto kuwa furaha ilikuwa mtego. Badala yake tuliwaacha wazunguke ala, waguse, wapulize. Maswali waliyauliza wao. Kwa nini klarineti ni nyeusi? Huyo Petro alikuwa na mama? Je, mbwa mwitu naye ana wimbo wa furaha? Hili la mwisho wapiga pembe walilijibu kwa kuichukua tuni yake na kuipiga haraka, kwa mdundo wa harusi, na watoto wakacheza.

Wiki zilizofuata akina mama wa mtaani walinisimulia. Watoto walikuwa wakicheza hadithi ile uani, mmoja akipiga jerikeni kuwa wawindaji, mwingine akibana pua kuwa bata. Mama mmoja alisema mwanawe sasa akitumwa dukani humtangaza kila mtu wa nyumbani kwa mluzi wake, na baba amepewa ule wa babu. Nilipenda sana habari hiyo, kwa sababu mtoto huyo hakukariri tuni za Prokofiev tu. Alikwenda kutunga zake.

Baba mmoja aliniuliza kwa nini ninawapa watoto wa Kiafrika muziki wa Wazungu. Ni swali la haki na nilimjibu kwa kirefu. Nilimwambia kuhusu Joseph Kyagambiddwa, Mganda aliyetunga oratorio, yaani simulizi ndefu ya kidini inayoimbwa, ya Mashahidi wa Uganda kwa misingi ya muziki wa Kiganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Nilimwambia kuhusu Justinian Tamusuza, ambaye mwaka 1988 aliandikia fidla mbili, viola na chelo muziki unaosikika Uganda kabisa, na Kronos Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne la Marekani, ikaurekodi. Watu hao waliujua muziki wa Kizungu, ndipo wakautumia kusema ya kwao. Mtoto ambaye hajawahi kuiona chelo hawezi kuichagua, na hawezi kuikataa pia. Yule baba hakukubali yote, lakini aliniomba tukirudi tena tuwe na adungu, kile kinubi cha upinde, maana yeye ni wa West Nile, kaskazini magharibi mwa nchi, na watoto wake wanaisikia kwenye simu tu. Ombi hilo tumelichukua, na mpigaji wa adungu tumeshampata.

Kazi inayofuata tumeichagua: "Kanivali ya Wanyama" ya Mfaransa Camille Saint-Saëns, ya mwaka 1886. Mwenyewe aliiona ni mchezo tu, akakataa isichapishwe akiwa hai, isipokuwa kile kipande cha bata maji kinachopigwa na chelo. Nyingine zote zilichapishwa mwaka 1922, baada ya kifo chake. Kuna tembo anayecheza kwa besi, na kobe wanaocheza dansi ya Kifaransa ya kasi, ila kwa mwendo wa kobe. Kazi hii haikutungiwa msimulizi, na nimefurahi, kwa sababu naweza kusema maneno machache kuliko ya mara hii. Tutaunganisha wanyama kwa hadithi nyembamba tu, na tembo tutamwacha aingie bila kutajwa. Watoto wa nchi yenye hifadhi za Murchison na Queen Elizabeth watamjua.

Kinachotukwamisha ni kwamba inataka piano mbili ndani ya ukumbi mmoja. Moja tunayo, imetolewa na kanisa na inapigwa vizuri baada ya fundi kuirekebisha. Ya pili bado tunaitafuta, na mwenye nayo hapa Kampala, imekaa tu sebuleni, akikubali watoto waizunguke na kuigusa kila ufunguo, gari la kuibeba na vijana wa kuishusha tunao.